Mtoto Hakuhama

Limeingia neno katika maandishi yetu ya kitaaluma, likapokewa kwa heshima na kupewa kiti cha mbele, nami nasema kwamba neno hilo ni la uongo. Neno lenyewe ni "mhamiaji wa kizazi cha pili". Nalikuta katika tasnifu za wanafunzi, nalisikia katika mihadhara ya wenzangu, na siku moja katika majadiliano ya idara yetu, mwenzangu mmoja ambaye namheshimu kwa wingi wa elimu yake alilitumia kwa watoto wa Kimakonde waliozaliwa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Nikamwuliza: wamehama kutoka wapi? Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, usilete sarufi katika mambo ya jamii." Watu wakacheka pamoja naye, nami nikakosa la kusema. Haya niandikayo ndiyo majibu niliyoshindwa kuyatoa siku ile.

Kuhama ni kuacha mahali ulipokaa. Kuhamia ni kuacha mahali na kwenda kukaa pengine. Kijiji kilichoachwa na watu wake twakiita mahame. Basi mhamiaji ni mtenda, na tendo lake lajulikana: alifunga mzigo, akaaga, akavuka. Mtoto aliyezaliwa mwisho wa safari hiyo hakufunga mzigo wala hakuaga mtu. Kumwita mhamiaji ni kama kumwita mwana wa baharia baharia, naye hajapata kukanyaga chombo. Na hicho "kizazi cha pili" kilichobandikwa nyuma hakiponyi kosa, bali chalizidisha, maana chasema kwamba kuhama ni jambo lirithiwalo kama rangi ya macho, na kwamba baada ya kizazi cha pili chaweza kuja cha tatu na cha nne, wote wahamiaji, na wote wamekaa kitako mahali pamoja.

Kama kosa hili lingekoma katika vitabu, ningeliacha. Lakini neno likishatoka kinywani mwa msomi, halikawii kufika mezani pa karani, na huko lina nguvu ya muhuri. Wamakonde wa Kenya waweza kutuonyesha jambo hilo.

Wazee wao walitoka kaskazini ya Msumbiji, nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Tangu miaka ya 1930 walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wengine walifuata nyuma, baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka wa 1964. Wengi walikaa Kwale; wengine Kilifi na Taita-Taveta. Hao ndio waliohama. Walikuwamo wenye chale usoni na wanawake wenye ndonya mdomoni, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimakonde. Sina haja ya kuwapamba. Walikuwa wageni, na wenyewe walijua kuwa ni wageni.

Je, mtoto wao? Huyu alipata Kiswahili chake mchangani, pamoja na watoto wa Kidigo, kabla hajakipata darasani. Kwa hiyo, kabla hajaota meno ya utu uzima, alikwisha kuwa ulimi wa nyumba nzima. Penye zahanati ni yeye, penye duka ni yeye, penye afisi ya chifu ni yeye. Mtoto wa miaka tisa husimama kati ya mama yake na karani, akigeuza maneno ya mkubwa mmoja yawe ya mkubwa mwingine, na mapema hujifunza jambo lisilopasa umri wake: kwamba mama aweza kudharauliwa mbele za watu na asielewe, na kwamba aliyeelewa ni yeye mtoto. Afanyeje? Aghalabu hunyamaza, au huligeuza tusi likawa salamu. Nimefundisha tafsiri miaka mingi na kusahihisha mitihani mingi, lakini sijapata kumtungia mwanafunzi mtihani mgumu kama huo.

Nyumbani nako mambo si mepesi. Mzee husimulia milima na miti ambayo mtoto hajaiona, na kila kitu cha hapa hupimwa kwa kipimo cha kule. Mtoto husikiliza kwa adabu. Akitoka nje, wenziwe humwambia arudi kwao, naye hajui njia. Hata jina la watu wake halikusalimika: Tanganyika ya zamani Wamakonde waliotoka Msumbiji waliitwa Wamawia, na walioliita jina hilo hawakukusudia kuwapa sifa. Kiswahili chetu, tukisifucho kwa ukarimu, kimetengeneza mawe mengi ya kuwatupia watoto.

Kisha ifike miaka 18. Hapo wenzake huenda kuchukua kitambulisho, naye huulizwa cha baba. Baba hana. Bila karatasi hiyo hawezi kupata kazi ya maana, wala kufungua akaunti benki, wala kuandikisha simu kwa jina lake, wala kupata hati ya shamba, wala kupiga kura. Na polisi wakisimamisha gari, moyo humdunda. Asiye na kitambulisho hushawishika kuazima jina la jirani, akaoa kwa jina lisilo lake na kuzaa watoto kwa jina lisilo lake. Mtu asimlaumu kwa uongo kabla ya kuutazama uongo wa kwanza, ule wa kumwita mhamiaji.

Na sheria ilifanya nini? Katiba ya uhuru ya mwaka wa 1963 ilisema kwamba azaliwaye Kenya baada ya tarehe 11 Desemba ya mwaka huo ni raia tangu siku ya kuzaliwa kwake, ila wachache kama watoto wa mabalozi. Mwaka wa 1985 katiba ilibadilishwa, ikatakiwa mzazi mmoja awe raia, na badiliko hilo likarudishwa nyuma mpaka tarehe 12 Desemba 1963. Mtu aliyezaliwa Msambweni mwaka wa 1964, akiwa na miaka yake 21 na pengine watoto wake mwenyewe, aliambiwa kwamba kuzaliwa kwake hakukutosha. Nimesoma habari za wafalme walionyang'anya watu mashamba na ng'ombe; kunyang'anya mtu siku yake ya kuzaliwa ni kazi iliyohitaji wanasheria.

Katiba ya mwaka wa 2010 ina mema mengi, nami si adui yake. Lakini yagawa raia mafungu mawili, wa kuzaliwa na wa kuandikishwa. Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au asiwe amezaliwa Kenya. Basi mtoto wa Mkenya azaliwaye London, asiyejua ladha ya dafu, ni raia wa kuzaliwa. Mtoto azaliwaye Msambweni na wazazi wasiokuwa na karatasi, hata kama hajapata kuvuka Mto Ramisi, hana budi aombe. Na sheria ya mwaka wa 2011, iliyowafungulia mlango waliokaa nchini tangu kabla ya uhuru, yamtaka mtoto wao afikishe miaka 18 kwanza ndipo aombe, na akipewa huwa raia wa kuandikishwa. Aliyezaliwa hapa ameandikishwa, na aliyezaliwa kule amezaliwa! Wanaoniambia nisilete sarufi waniambie, basi, maana ya kitenzi "kuzaliwa".

Mlango huo wa 2011 nao ulifunguliwa kama ufa. Miaka mitano ilipita, na Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari kwenda Nairobi kumwona Rais, wengi wao kwa miguu. Watu walioitwa wahamiaji nao hawakuhama, iliwabidi watembee ili waitwe wenyeji. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe, na Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Gazeti na redio zikatangaza kwa furaha kwamba Kenya imepata kabila la 43. Nami nilifurahi, walakini nikajiuliza mtoto wa peke yake, asiye na kabila la kuhesabiwa nyuma yake, atapita mlango gani.

Washona, waliotoka Zimbabwe, walifuata mwaka wa 2021. Wapemba walingoja mpaka 2023, na habari ya Wapemba ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa kuwa yagusa kazi yangu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikashika kazi ya kukieneza. Kiswahili hicho ndicho lugha ya taifa ya Kenya, na kila mtoto wa shule hutahiniwa nacho. Basi mtoto wa mvuvi wa Kipemba aliyezaliwa katika pwani hii aliketi darasani akifundishwa, kama lugha ya taifa, lugha iliyotoka katika visiwa vya babu yake. Na alipofungua kinywa afisini, matamshi yake ya nyumbani yakawa ushahidi kwamba si mtu wa hapa. Lugha ilipewa uraia, msemaji wake akanyimwa.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba istilahi ni istilahi, na kwamba lugha za Ulaya zina neno kama hili. Sawa, zinalo, na huko nako liliwatia watoto alama wasiyoitaka. Tangu lini umaskini wa jirani ukawa sababu ya sisi kuchoma nyumba yetu?

Pili nitaambiwa kwamba damu ni damu, na wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo hutumiwa na watu wa pwani ambao wenyewe huhesabu nasaba zao kwa fahari mpaka Shiraz na Hadhramaut. Ajabu yake ni hii: babu akija kwa jahazi, mjukuu hujisifu, babu akija kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mjukuu hufukuzwa. Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi waitumia methali hii kumdokezea mgeni aondoke. Itazameni tena. Apewaye jembe haambiwi aondoke. Aambiwa alime pamoja nasi, na ugeni wake hukoma hapo hapo. Hawa Wamakonde walipewa jembe siku ya kwanza.

Jibu la tatu lina uzito, nami sitalipita kwa dharau. Watu wa pwani wamenyang'anywa ardhi kwa muda mrefu, na usemi wa "watu wa kuja" umezaliwa na uchungu wa kweli: mwenyeji akalima bila hati, na mgeni mwenye jina kubwa akapewa hati bila kulima. Mimi siukani uchungu huo. Nasema tu kwamba usemi huo hauchagui. Agosti 1997 huko Likoni watu wengi waliuawa na maelfu wakakimbia makazi yao kwa kuitwa watu wa bara. Walikuwamo waliozaliwa Likoni. Aliyechukua hati za mashamba hakuwa miongoni mwao. Huyo hakai Likoni.

Kuna neno la kale litupasalo kulikumbuka, ijapokuwa lina doa. Katika karne ya 19 pwani hii ilikuwa na watumwa, na mtumwa aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga, lakini aliyezaliwa hapa aliitwa mzalia. Mzalia alikuwa bado mtumwa, na dhuluma ilikuwa dhuluma. Hata hivyo walimtenga kwa jina na kwa daraja na yule aliyefika jana. Mabwana wa watumwa, kwa ukatili wao wote, walijua tofauti ya kuletwa na kuzaliwa. Sisi wenye shahada twataka kuifuta. Kamusi bado zina neno hilo, na wako wanaotaka lirudishwe likiwa limesafishwa. Mimi sina hakika kwamba laweza kusafishwa. Mwenyeji latosha, na tasnifu zote zipitazo mkononi mwangu nitazidi kuzipiga mstari mwekundu penye yule mhamiaji wa kizazi cha pili.

Mwenzangu niliyemtaja mwanzo alizaliwa Mombasa, na baba aliyetoka bara kufanya kazi bandarini. Ana pasipoti, ana nyumba Kisauni, na hucheka kwa Kimvita. Sijapata kumsikia akijiita mhamiaji. Nimemwomba ruhusa ya kuliandika hili, naye amenipa, kwa sharti kwamba mhariri atamwekea nafasi ya kujibu.