Daftari la Wiki: Kupima Sekondari za Jinja na Mbale

Mlangoni

Tofauti kubwa kati ya sekondari za serikali za wilaya moja hupatikana kabla mwalimu hajashika chaki. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Uganda, PLE, una masomo manne; jumla bora ni 4 na ya chini kabisa ni 36. Matokeo yakishatoka, wakuu wa sekondari hukusanyika Lugogo, Kampala, kuchagua wanafunzi wa kidato cha kwanza, kila shule na kikomo chake cha jumla. Busoga College Mwiri, iliyoanza mwaka 1911 na kuhamia kilima cha Mwiri karibu na Kakira mwaka 1933, ni shule ya bweni ya wavulana. Nabumali High School, iliyotokana na misheni ya Kianglikana nje kidogo ya Mbale, nayo ina mabweni. Shule za aina hii hupokea watoto waliofaulu vizuri, wengi wao kutoka mbali.

Shule ya kutwa ya gombolola humpokea mtoto wa jirani. Mpango wa sekondari kwa wote, USE, ulioanza mwaka 2007, uliweka sharti la jumla isiyozidi 28. Kwa hiyo wastani wa wilaya huficha mengi: shule ya kilimani hupandisha takwimu za vijiji ambavyo watoto wake wengi wanasoma shule ya bondeni.

Mipaka

Wilaya yenyewe hubadilika. Sironko ilikatwa kutoka Mbale mwaka 2000, Manafwa ikafuata mwaka 2005, kisha Bududa ikatoka Manafwa mwaka uliofuata. Julai 2020 Jinja na Mbale zikawa majiji yenye utawala wake, yakatengwa na wilaya zinazoyazunguka. Shule za mjini zenye wanafunzi wengi mno, kama Mbale Secondary School na Jinja Secondary School, sasa zinahesabiwa upande wa jiji. Orodha ya mwaka 2015 na ya mwaka 2023 zinaweza kubeba jina moja la wilaya huku zikihesabu shule tofauti.

Fedha

Kwa miaka mingi ruzuku ya USE katika shule za serikali ilikuwa shilingi 41,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Fedha hiyo ni ya masomo. Chakula ni juu ya mzazi. Katika shule ya kutwa, mtoto asiyelipiwa ugali na maharagwe hukaa na njaa mpaka arudi nyumbani jioni. Barua ya kujiunga na shule ya bweni hudai mengi zaidi ya karo: godoro, sanduku la chuma, rimu ya karatasi, karatasi za choo, fagio, jembe. Michango ya wazazi katika shule hizo hununua vitabu na huwaongezea walimu posho, na mwalimu mzuri akishaipata ni vigumu kumhamisha.

Walimu

Mshahara wa serikali hufuata ngazi moja nchi nzima, lakini ngazi yenyewe ina ufa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa historia au Kiingereza akibaki kwenye milioni moja hivi au pungufu. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022. Ufa huo uko katika kila chumba cha walimu, ila shule yenye michango mikubwa huweza kuuziba kidogo. Shule ya kijijini haina cha kuongeza, na mara nyingi mwalimu wake wa fizikia anafundisha pia kwingine.

Fizikia, kemia na biolojia ni za lazima hadi kidato cha nne. Shule yenye maabara humzoeza mwanafunzi kushika bureti na kusubiri tone litakalobadili rangi. Pasipo maabara, kifaa hicho huonekana kwa mara ya kwanza mtihani ukikaribia.

Misimu

Mbale ina imbalu, tohara ya Wamasaba, ambayo hufanyika kila mwaka wa shufwa na kufunguliwa Mutoto mwezi Agosti. Mtihani wa kidato cha nne, UCE, huja Oktoba na Novemba, na mvulana aliyetahiriwa huhitaji wiki kadhaa za kupona. Jinja ina miwa: mashamba yanayolisha viwanda vya sukari vya Busoga huwavuta wavulana kwa ujira wa siku. Idadi ya waliosajiliwa kwa mtihani ikilinganishwa na ya walioingia kidato cha kwanza huonyesha wangapi walipotea njiani. Asilimia ya ufaulu haiwahesabu.

Kusoma matokeo

Watahiniwa wa UCE wa mwaka 2024 walikuwa wa kwanza kupimwa kwa mtaala mpya, ambapo kazi za darasani hubeba asilimia 20 na mtihani asilimia 80. Madaraja ya zamani yameondolewa. Kila somo lina herufi yake, A hadi E. Kulinganisha matokeo haya na ya nyuma si halali.

Asilimia nayo ina mtego. Tuseme shule moja ina watahiniwa 40 na 20 wamefanya vizuri sana. Nyingine ina 400 na waliofanya vizuri sana ni 100. Ya kwanza inaongoza kwa asilimia, ya pili imetoa vijana bora mara tano zaidi.

Tanzania iliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Uingereza, mwaka 2016, ilianza kupima hatua aliyopiga mwanafunzi tangu alipoanza sekondari. Uganda inazo namba za hesabu hiyo, kwa kuwa PLE na UCE zote ziko mikononi mwa baraza la mitihani, UNEB. Jedwali la haki la Jinja au Mbale lingetenganisha shule za bweni na za kutwa, na mbele ya kila jina likaandika mambo manne: wastani wa jumla ya PLE ya walioingia, idadi ya waliofika kidato cha nne, idadi ya walimu wa sayansi, na matokeo ya mwisho.