Bibi harusi, uliza kabla hujatupa



Leo nazungumza khasa na mabibi harusi, wale walioingia nyumba mpya mwezi huu na wale wanaohesabu siku. Mada yangu itawashangaza: kioo cha kabati la gemu. Najua mtacheka. Na mimi nilicheka, mpaka siku niliyolia.

Nilipoolewa nilikuta ukumbini kwa bwana wangu kabati la mbao refu kama mtu mzima, lina vitufe na kijiti cha kuongozea, na ndani yake TV ya chogo. Ni zile mashine zilizojaa kwenye kumbi za michezo huko Ulaya, Marekani na Japani miaka ya 1980. Unatia sarafu ndiyo unacheza. Pac-Man ya mwaka 1980 na Donkey Kong ya mwaka 1981 zilianzia kwenye makabati kama hayo. Hili letu shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilitia kwenye kontena pamoja na vyombo vyake aliporudi kutoka Uingereza. Naingia mimi, kioo kimeshachoka. Picha inatetemeka, rangi nyekundu imepotea, na kila kikiwashwa kinalia sauti nyembamba kama mbu.

Na mimi nina makochi mapya, nina mapazia, nina wageni wanaokuja kumtazama bibi harusi. Lile kabati nikaliona linaniharibia ukumbi. Bwana alipokwenda Pemba kwa siku tatu, nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia atoe TV ya ndani aondoke nayo. Nia yangu, wallahi, ilikuwa njema. Nilitaka kuweka pale TV ya flati niliyotunzwa harusini, bwana akirudi afurahi.

Yule mnunuzi hakufika mbali. Aliivunja kwenye jaa la mtaa wetu, akachukua shaba iliyozungushwa shingoni mwa kioo, vilivyobaki akaviacha. Watoto wakaenda kuokota vipande. Mmoja alikatika mguu. Alhamdulillahi amepona, lakini mama yake alinijia mlangoni, mguu wa mtoto umefungwa kipande cha kanga, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi.

Bwana aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mbele ya lile tundu, akasema, "Hapa nilikuwa nikikaa na kaka kila Ijumaa tukitoka kuswali. Ungeniuliza tu, mke wangu." Basi. Nilitamani angenigombeza.

Maoni yangu, basi, ni haya: kitu ulichokikuta ndani ya nyumba si taka mpaka mwenyewe akwambie ni taka. Sisi wanawake tunajua vizuri haki ya mali zetu. Bwana akiuza bangili ya mahari bila ya idhini yako, utakwenda kwa wazee, na utakuwa na haki. Haki hiyo hiyo anayo yeye kwa kitu chake, hata kama machoni mwako hakina thamani. Kukaa nyumba moja hakuifuti amana.

La pili nililijua nilipokwenda kwa fundi. Aliniuliza, "Ile rangi nyekundu, ukiligonga kabati ubavuni, ilikuwa inarudi?" Nikamwambia ndiyo, mara moja moja. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa rangi ikipotea namna ile, mara nyingi kioo chenyewe ni kizima. Ni solda tu imepasuka. Na picha ikitetemeka, mara nyingi ni kapasita zimekauka. Vitu vidogo hivyo. Ningeita fundi badala ya mnunuzi, huenda kile kioo kingekuwa kinawaka mpaka leo. Surat Al-Israa imetuonya vikali juu ya ubadhirifu, na sisi tukisikia neno hilo tunafikiria biriani linalomwagwa harusini. Kutupa kitu kinachotengenezeka nako ni ubadhirifu.

Ile TV yangu ya flati nayo haikufaa. Kwanza ni pana, haiingii kwenye kabati lililotengenezwa kwa kioo cha umbo la karibu na mraba. Pili, lugha zao ni mbali mbali. Bodi ya gemu ya zamani inapeleka mistari ya picha kiasi cha 15,700 kwa sekunde, na skrini nyingi za kompyuta zinataka mistari 31,000 na zaidi, kwa hivyo lazima pawepo kadi ya kugeuza katikati. Tatu, picha za gemu hizo zilichorwa kwa ajili ya kioo cha zamani, ambacho kinalainisha kingo. Kwenye skrini mpya zinaonekana vipande vipande vya mraba. Nilidhani kipya ni bora popote utakapokiweka. Sivyo.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila kilichochakaa kibakizwe. Kioo cha chogo kina hatari zake. Kile cha rangi kinafanya kazi kwa umeme wa zaidi ya volti 20,000, na umeme huo unaweza kubakia ndani hata plagi ikishachomolewa. Ndani yake hamna hewa, kwa hivyo kikipigwa vibaya kinapasuka kwa nguvu. Kioo chenyewe kimechanganywa na madini ya risasi. Nikimkumbuka yule mnunuzi akikitoa kwa bisibisi ukumbini kwangu, nami nimesimama nimeshika sinia ya chai, mwili unanisisimka. Ningeweza kuitwa kwenye maiti.

Kwa hivyo kama kinatoa moshi au harufu ya kuungua, au kama nyumba ina watoto na kabati halina mlango wa nyuma, hapo mke ana haki ya kusema hapana, na bwana amsikilize. Dini yetu haikutuletea madhara. Kiondolewe na fundi anayejua kazi, kitoke kizima, na kibaki kwake kwa ajili ya vipuri. Kisivunjwe, kisitupwe jaani, wala kisizamishwe baharini tunakopata kitoweo.

Wapo watakaosema, "Dada, gemu ni upuuzi, ungechoma kabati zima." Nawaheshimu. Sisi nyumbani tuna mipaka: hakuna kuwekeana pesa, hakuna gemu zenye picha za aibu, na adhana ikilia linazimwa. Ndani ya mipaka hiyo, mume anayecheza nusu saa ukumbini kwake namwona bora kuliko anayekaa barazani mpaka saa sita za usiku. Akizidisha, hilo ni suala la mume, na kutupa kioo hakutalitibu.

Na waume nao wasijifiche nyuma ya maneno yangu. Ukumbi si ghala. Mke anayeingia nyumba mpya anahitaji pahala pa kukaa na wageni wake na pahala pa kutandika mswala. Kama una vitu vya zamani, mwambie mapema kipi kina maana kwako na kwa nini. Bwana wangu angenihadithia zile Ijumaa zake na kaka yake, mkono wangu usingekwenda. Mimi sikuuliza, yeye hakusema, na baina ya mawili hayo mtoto wa watu akakatika mguu.

Mwisho tulikaa, tukashauriana. Bwana alipata skrini ya kompyuta ya ofisini iliyotumika, ile ya inchi 19 isiyo pana, umbo lake karibu sawa na kioo cha zamani. Fundi akaongeza kadi ya kugeuza. Kabati likahamishiwa chumba cha nyuma, ukumbi ukabaki wangu. Picha si ile ya zamani, bwana mwenyewe anasema, ila kijiti ni kile kile alichokishika kaka yake. Yule mtoto wa jirani sasa ndiye mshindani wake mkubwa. Mama yake akinipitia tunakunywa chai. Alinisamehe kabla mimi sijajisamehe.

Somo wangu alinifunza mengi kabla ya harusi: kupika, kujipamba, kuzungumza na bwana kwa upole. La kuuliza kabla ya kutupa hakunifunza, kwa hivyo nawafunza mimi. Wiki hii kaa na bwana wako, zungukeni nyumba chumba kwa chumba, akwambie hiki kimetoka wapi na kile ni cha nani. Kisha nawe umwambie vyako. Halafu ndiyo muamue pamoja kipi kitengenezwe, kipi kibadilishwe na kipi kitoke.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu na awarehemu waliotutangulia. Amin. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaAllah.