Bombé: unga wa motokari, usingizi wa vidonge

Mwaka 2021 watu wa Kinshasa walianza kuona vijana wamesimama barabarani kama sanamu, macho nusu yamefungwa, wakijikuna polepole. Walikuwa wametumia bombé. Mwezi wa nane Rais Félix Tshisekedi aliomba jambo hilo lipigwe vita, na polisi wakaonyesha karibu watu 100 waliokamatwa. Kati yao kulikuwa hata wezi wa vipuri vya motokari.

Vipuri vinaingiaje hapa? Kwenye bomba la moshi la motokari kuna kifaa cha kusafisha moshi. Ndani yake kuna kitu kama jiwe, chenye matundu kama sega la asali, kimepakwa platini na metali zingine za bei kali. Wanalisaga, kisha wanachanganya unga na vidonge, vya usingizi vikiwemo.

Hapo ndipo vijana wanadanganyika. Wanasifu unga, lakini vidonge vya usingizi vinalaza mtu hata bila unga wowote. Munganga anaviandika kwa kipimo. Anayechanganya nyumbani anatia kwa macho tu, leo vichache, kesho vingi. Vikizidi, zaidi sana juu ya pombe, pumzi inapungua mpaka inakatika. Vumbi nalo, likivutwa, linaumiza mapafu.

Polisi walikamata watu, sawa. Lakini vidonge hivyo vingali vinauzwa bila karatasi ya munganga. Na kijana akianguka, rafiki anayeogopa kufungwa hasemi walitumia nini. Munganga anabaki kubahatisha.