Tumekatwa Nini, na Nani Alituuliza?



Mwisho wa mwezi uliopita ofisi yetu ya tawi hapa Isiolo ilijaa watu tangu asubuhi. Tulidhani wamekuja kwa habari ya nyongeza ya mshahara, kwa kuwa mazungumzo na waajiri bado hayajakwisha. Sivyo. Wengi walikuja na karatasi mikononi na simu zao zimefunguliwa, nao wote walikuwa na swali moja: pesa hizi zimekwenda wapi?

Twapenda kulisema jambo hili wazi katika ukurasa huu, kwa sababu katika kamati yetu yuko aliyesema kwamba kazi ya chama ni kushindana na mwajiri, si kushindana na duka, wala benki, wala kampuni ya stima. Twamheshimu mwenzetu huyo, lakini hatukubaliani naye. Chama kikikaa mezani miezi sita kudai nyongeza ya shilingi 1,500, kisha nyongeza hiyo ikaliwa na ada ambayo mwanachama hakuambiwa na riba ambayo hakuielewa, basi kile kilichoingia kwa mlango wa mbele kimetoka kwa mlango wa nyuma. Watoto wa Bulla Pesa hawajui ni mlango gani. Wao wajua tu kwamba unga haukununuliwa.

Tuanze na karatasi ya mshahara, maana hapo ndipo penye kazi yetu.

Mwanachama wetu mmoja, mama anayefanya kazi ya usafi, alikopa pesa kwa mkopeshaji ambaye hatutamtaja, akakubali akatwe mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Deni likaisha. Mwezi uliofuata akakatwa tena, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Alipokwenda kuuliza, kijana wa dirishani akamwambia, "Ni kompyuta inayokata, mama, rudi Jumatatu." Jumatatu akaambiwa arudi Alhamisi. Kila alipokwenda aliomba ruhusa kazini, na msimamizi wake alikwisha kuanza kumtazama kwa jicho baya. Alikuwa karibu kuziacha pesa zile ziende.

Lakini mama huyu alikuwa na karatasi zake zote za mshahara, za miezi 26, amezifunga kwa uzi ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliketi naye tukajumlisha mstari kwa mstari. Tukaandika barua moja fupi kwa mkopeshaji, na nakala kwa mwajiri: deni lilikuwa kiasi gani, kimekatwa kiasi gani, kimezidi kiasi gani. Baada ya majuma matatu pesa za miezi mitatu zilirudi. Za mwezi wa nne bado twazigombania, maana wasema ni "ada ya kufunga hesabu." Tumewauliza ada hiyo imeandikwa wapi katika mkataba. Mpaka siku tunapopiga chapa gazeti hili hawajatuonyesha.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri akupe maandishi yanayoonyesha mshahara wako wote, kila kilichokatwa na sababu yake, na kilichobaki. Tena yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu anayepata shilingi 24,000 hawezi kukatwa zaidi ya 16,000. Lazima 8,000 zifike mkononi mwake. Tumeona hapa karatasi ya ndugu mmoja aliyebakiwa na shilingi 2,300 kwa mwezi mzima. Alituambia kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake peke yake, kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi kila mkopo. Ni kweli alitia sahihi, na deni lake halifutiki, atalilipa. Lakini mwajiri aliyeruhusu makato yafike hapo amevuka mpaka wa sheria, na mpaka huo hauondolewi na sahihi ya mtu mwenye shida.

Na hiyo "ada ya kufunga hesabu" je? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, yasema mteja ana haki ya kuambiwa ada zote anazotaka kutozwa, hata zikiitwa kwa jina gani. Maneno hayo "kwa jina lolote" yamewekwa kwa makusudi, maana wenye kutoza ni mafundi wa majina: leo ni ada ya huduma, kesho ada ya kuandika, keshokutwa ada ya kufungua faili. Kutoza ada ya benki, au bima, au huduma nyingine, ambayo mteja hakujulishwa kwanza, ni kosa la jinai. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kufaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya yake na mali yake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa ubovu wa kile alichouziwa. Kifungu hicho chahusu pia huduma zitolewazo na serikali, si za wenye maduka peke yao.

Habari ya mikopo ni ndefu, lakini mambo mawili kila mwanachama ayaweke kichwani. La kwanza: Sheria ya Mabenki, katika kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka 2007, yaweka kikomo kwa riba ya deni lililoshindwa kulipwa. Kama ulikuwa unadaiwa 40,000 mkopo ulipoharibika, basi riba yote itakayoongezwa tangu hapo isizidi 40,000 nyingine, pamoja na gharama za haki za kukusanya deni. Tumesikia watu wa hapa wakisema, "Deni langu lilikuwa elfu arobaini, sasa ni laki mbili na nusu, basi ni kudra ya Mungu." Kama aliyekukopesha ni benki, usimsingizie Mungu, chukua karatasi uhesabu. La pili: tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Upeo, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, iliamua kwamba benki haikuwa na ruhusa ya kupandisha riba bila kibali cha waziri wa fedha. Santowels ni kampuni, si mfanyakazi wa mshahara mdogo, lakini iligombana kwa silaha ile ile tunayowashauri ninyi mtumie: maandishi ya hesabu, mwezi kwa mwezi.

Mikopo ya simu nayo imetupatia taabu ya namna yake. Zamani mtu akichelewa siku mbili, mkopeshaji alimpigia simu mjomba wake, mwajiri wake, hata imamu au padri wake. Kanuni zilizotolewa Machi 2022 ziliwakataza wakopeshaji hao kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia watu waliomo katika simu yake ili kumwaibisha, na zikawataka wapate leseni ya Benki Kuu. Ukitendewa hivyo, usiufute ujumbe ule kwa hasira. Uweke.

Ndugu zetu wa bodaboda tuna neno nao pia. Wengi wamechukua pikipiki kwa kulipa kidogo kidogo, na wengine wamenyang'anywa kati ya stendi na Kambi Garba, abiria akiwa bado nyuma. Iko sheria ya zamani ya kununua kwa malipo ya awamu, nayo yasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena ila kwa kwenda mahakamani. Kwa pikipiki ya shilingi 180,000, ukishalipa 120,000, dalali asiyekuwa na amri ya korti hana ruhusa. Lakini hapa lazima tuseme ukweli wote: kampuni nyingi siku hizi haziandiki mkataba wa namna hiyo. Huandika kwamba wamekukopesha pesa, na pikipiki ni dhamana tu. Hapo ile theluthi mbili huenda isikusaidie. Kwa macho ya mpanda pikipiki karatasi hizi mbili zafanana, tena zote ni za Kiingereza. Kwa hiyo twasema, kabla hujatia sahihi au kidole gumba, njoo nayo ofisini. Karani wetu ataisoma na kukueleza kwa Kiswahili, na wako wenzetu watakaokueleza kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kimeru. Ni kazi ya nusu saa. Kumfuata dalali baadaye ni kazi ya mwaka mzima.

Katika jambo la stima tutawaudhi wengine wenu. Si kila bei kubwa ni wizi. Mtu anunua tokeni za shilingi 200 mwanzoni mwa mwaka apata uniti kadha, miezi michache baadaye anunua za 200 apata chache kuliko zile, akapiga kelele kwamba ameibiwa. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya nyumba inayotumia uniti 30 au pungufu kwa mwezi. Ukizidi hapo wapandishwa daraja, na ukizidi 100 wapandishwa tena. Juu yake iko kodi ya asilimia 16, na gharama ya mafuta inayobadilika kila mwezi. Yote hayo yameandikwa katika ujumbe wa tokeni, mstari kwa mstari, lakini wengi wetu twasoma zile namba 20 tu na kuufuta uliobaki. Someni kwanza. Mkiona mstari usioeleweka, hapo ndipo pa kuuliza.

Na kuuliza kwaweza kuwa na nguvu. Januari 2018, ilipojulikana kwamba Kenya Power yataka kuwatoza wateja mabilioni ya shilingi za gharama za nyuma, wakili Apollo Mboya alikwenda Mahakama Kuu huko Nairobi, na korti ikasimamisha jambo hilo. Kwa miezi kadhaa nchi nzima ilijifunza kusoma bili.

Mafuta ya gari na mafuta ya taa yana bei ya juu kabisa inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, mji kwa mji. Kituo kikiuza zaidi ya hapo, kimevunja sheria, bila maneno mengi. Mizani ya mchinjaji na ya muuza sukari lazima iwe na muhuri wa maofisa wa vipimo. Tazama muhuri kabla ya kutazama nyama. Mkitaka walimu wa jambo hili, watazameni kina mama wa maziwa ya ngamia wanapopakia mitungi katika basi la kwenda Eastleigh. Mama wale hawakubali lita ipotee bila jina la aliyeipoteza, na wengi wao hawakukaa darasani hata miaka minne.

Basi mtu afanye nini? Kwanza aweke karatasi na ujumbe wa simu, hata vile vinavyoonekana havina maana. Kisha aandike, asiende dirishani kusema tu kwa mdomo, maana maneno ya dirishani hayana tarehe. Barua iwe na hesabu na dai moja, na nakala abaki nayo, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Aliyekutoza apewe nafasi ya kujibu kwanza. Akinyamaza, mabenki yana Benki Kuu, simu zina Mamlaka ya Mawasiliano, stima na mafuta vina EPRA, na ada za kufichwa zina Mamlaka ya Ushindani. Mamlaka hiyo ndiyo iliyoyaamuru mabenki na makampuni ya simu mwaka 2016 yaonyeshe gharama ya kutuma pesa kabla mteja hajakamilisha kutuma.

Mwisho iko korti ya madai madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, waweza kusema Kiswahili, na shauri latakiwa likatwe katika siku 60. Si kila mahakama inayo korti hii. Atakayefika huko tutamsindikiza kwenye Mahakama ya Isiolo tuulize pamoja ni wapi dai lake lipelekwe.

Limebaki jambo moja ambalo tungependa kulikwepa, lakini si haki. Katika karatasi yako ya mshahara uko mstari wa chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka pesa hizo zikatwe kwa sahihi yako mwenyewe katika fomu. Wako wanachama wawili waliotuambia mwezi huu kwamba hawakumbuki kutia sahihi. Tumetafuta fomu zao. Ya mmoja tumeiona; ya mwingine hatujaiona. Tumemwandikia mwajiri asimamishe makato ya huyo wa pili mpaka fomu ionekane au mwenyewe atie sahihi mpya, na mtunza hazina ataeleza mbele ya mkutano ni kiasi gani anarudishiwa. Daftari la mapato na matumizi litakuwa mezani siku hiyo, kila mtu alifungue.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Njooni na karatasi za mshahara za miezi sita, mikataba ya mikopo, na simu zenye chaji. Kompyuta ya hesabu ni moja tu, kwa hiyo wenye karatasi nyingi wafike mapema.