Kizuri Chajiuza, Lakini kwa Lugha Gani?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini walinena hivyo enzi ambazo mnunuzi alipita sokoni akajionea bidhaa kwa macho yake. Siku hizi wanunuzi wengi huanzia safari yao kwenye simu. Huandika maneno mawili matatu katika mtambo wa utafutaji kama vile Google, kisha huchagua miongoni mwa majina machache yanayotangulia. Kizuri kisichoonekana hapo hakijiuzi.

Tuchukue mfano wa fundi ashonaye sare za shule hapa Eldoret, mji uliotunukiwa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024. Amelipa pesa zake ili atengenezewe tovuti. Ukurasa wake wa kwanza umejaa Kiingereza cha mapambo kuhusu ubora na ubunifu, lakini hautaji sare, wala bei, wala mtaa. Mzazi anayetafuta ‘sare za shule Eldoret’ atampataje? Ni kweli kwamba mitambo hii imeendelea: hutambua visawe, na huzingatia pia iwapo tovuti nyingine zinamwelekeza msomaji kwenye ukurasa huo. Hata hivyo, hakuna mtambo uwezao kukisia bei au mtaa ambao haukuandikwa popote.

Kwa maoni yangu, tatizo hili ni la lugha kabla ya kuwa la kompyuta. Katika Kiingereza, nomino nyingi hubadilika mwishoni zinapoingia katika wingi. Katika Kiswahili hubadilika mwanzoni. Kiatu huwa viatu, mche huwa miche. Mtambo uliofunzwa zaidi kwa Kiingereza waweza kuyaona hayo kuwa maneno yasiyohusiana. Isitoshe, mteja mmoja husema ‘vipuri’, mwingine ‘spea’; huyu ‘sare’, yule ‘yunifomu’. Mwandishi mwangalifu atayatumia yote katika sentensi za kawaida, bila kuyarundika, kwa kuwa Google hushusha kurasa zilizorundikwa maneno.

Mji wetu wenyewe ni ushahidi. Jina rasmi ni Eldoret, lakini wananchi waliuita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64. Watu huviita vitu watakavyo wao, na ndivyo wanavyoviandika kwenye simu.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza ndicho lugha ya biashara. Sipingi kwamba mwanariadha wa kigeni ajaye Iten kufanya mazoezi atatafuta malazi kwa Kiingereza. Lakini mzazi anunuaye sare kila Januari si mgeni. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tusipokiandika, mitambo itakosa maandishi ya kujifunzia na itaendelea kutuelewa visivyo. Hasara hiyo haitakuwa ya fundi mmoja. Itakuwa yetu sote.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika. Badala ya insha nyingine kuhusu siku asiyoweza kuisahau, mwanafunzi na atumwe kwa mfanyabiashara wa mtaani, amsikilize akizungumza na wateja, kisha amwandikie ukurasa mmoja: anauza nini, wapi, kwa bei gani, na anapatikanaje. Mwanafunzi atajua kwamba lugha ina kazi, na fundi atapata wateja.