Milioni 14 benki, keki inapondeka kwenye bajaji: Kusubiri "shepu mpya" ni subira au ni aibu?

Mjini kuna ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi famasi. Mtu ana hela ya gari, ana shida ya gari kila siku inayopanda na kushuka, lakini gari hanunui. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nasubiri shepu mpya ishuke bei."

Mgonjwa namba moja ni MC mmoja wa harusi jijini Dar, jina kapuni. Mtandaoni jamaa yuko vizuri sana. Suti kali, kiatu kinang'aa, picha kaegemea Harrier nyeupe, chini kaandika "Mungu ni mwema". Harrier yenyewe ni ya mjomba wa bwana harusi. MC alifika na bodaboda, suti ikiwa kwenye kava, viatu akabadilishia nyuma ya jenereta.

Na sio kwamba hana kitu. Watu wa karibu wanasema yeye na mkewe wana milioni 14 benki, mwaka wa tatu huu. Katika hizo, milioni 6 ni za mke, alizozipata kwa kuoka keki za harusi na kuvunja kikoba. Mke alishasema tangu siku ya kwanza: ichukuliwe IST, keki zisafiri salama, maisha yaendelee. Majibu aliyopewa ndiyo yaliyovuja mpaka yakafika saluni:

"Mke wangu, mimi nikishuka kwenye IST mbele ya kamati, nani tena atanilipa milioni mbili?"

"Kwani ukishuka kwenye boda wanakulipa?"

"Boda hawaioni. Nashukia kona."

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Jamaa hasubiri gari. Anasubiri macho ya watu.

Ndoto inakimbia, hela inatambaa

Historia ya huyu MC inachekesha na inatia huruma. Alipoanza kuweka akiba alitaka Harrier "Tako la Nyani", ile iliyotoka Japani mwaka 2003. Hela ilipokaribia, mjini ikawa imejaa "Anaconda", iliyozinduliwa mwishoni mwa 2013. Ghafla Tako la Nyani likaonekana gari la wazee wa kanisa. Akasogeza lengo. Alipoanza kuikaribia Anaconda, zikaanza kuonekana zile za mwaka 2020, taa nyembamba, mgongo umelala. Akasogeza tena.

Harrier ya kwanza ilitoka 1997, ya pili 2003, ya tatu 2013, ya nne 2020. Toyota hawalali. Watabadilisha tena, na tena. Mtu anayesema "ngoja itoke mpya" ameingia kwenye mbio ambazo mwenye utepe wa mwisho anausogeza mbele kila akikaribiwa.

Halafu kuna wanaosubiri kitu ambacho hakipo kabisa. Kuna vijana wanasema wanasubiri "IST mpya zaidi". Toyota waliacha kutengeneza IST mwaka 2016. Mark X nayo ilisimamishwa Desemba 2019. Anayesubiri toleo jipya la hizo aandae mkeka, atakaa sana.

Shepu mpya ya Japani ni neema kwa shepu ya zamani

Kinachosahaulika ni jinsi magari yanavyofika Bongo. Wengi hapa hawanunui gari jipya kutoka kiwandani. Wananunua gari ambalo Mjapani ameshalitumia akaliuza. Kule gari jipya linapelekwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi ni mojawapo ya sababu zinazofanya watu wengi waachane na gari mapema. Toleo jipya likitoka, wenye la zamani wanalirudisha ili wachukue jipya, minada inajaa, na bei ya la zamani inalegea.

Kwa hiyo mtu wa Dar akisikia Japani wamezindua muundo mpya, habari njema kwake ni kwamba ule wa zamani sasa unashikika. MC yeye anasikia habari hiyo hiyo na anaamua kusubiri mpya. Ni kama mtu aliyeona mitumba imeshuka bei Karume, akaamua kutembea bila shati mpaka nguo za dukani zishuke.

Na huko kusubiri kuna mtu anakuhesabu: TRA. Gari la kuagiza lina ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini. Juu ya hapo kuna ile wenye mji wanaiita kodi ya uchakavu. Gari la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15. Likivuka miaka 10, ni asilimia 30. Tena hesabu haifuati bei uliyobembelezana na muuzaji wa Japani. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni chenye thamani yao.

Sasa chukua hiyo Harrier ya 2020 anayoiota MC. Anasema ataisubiri mpaka "izeeke kidogo". Ikifika 2028 inagonga miaka 8, na kodi ya uchakavu inaamka. Bei ya Japani inashuka, kodi ya bandarini inapanda. Aliyedhani anamvizia swala anakuta swala naye anamvizia.

Namba E nayo ni ugonjwa

Wengine hawasubiri hata shepu, wanasubiri herufi. Gari la mkononi lipo, zima, injini safi, lakini lina namba C au D. Hawalitaki. Wanataka namba E.

Herufi ile inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Kuna IST ya 2004 iliyoingia juzi inatembea na namba E, na kuna gari la miaka ya karibu zaidi lenye namba D. Wanaume wazima wanaongeza mamilioni kwa ajili ya herufi moja kwenye bati la njano. Herufi yenyewe haina injini, na haijawahi kumbeba mtu kutoka Kimara hadi Posta.

Aliyewahi naye analia

Kuna wanaosema: basi dawa ni kujilipua, kamata hiyo mpya sasa hivi, kopa, maisha ni mafupi. Huyo naye yupo mjini, na yake haifurahishi.

Msanii mmoja wa Bongo Fleva, mwenye ngoma mbili zilizotamba na ya tatu iliyogoma, alijitosa kwenye Harrier shepu mpya, haibridi, kwa hela ya mkopo na ya shoo ambazo hazijapigwa. Mapokezi yalikuwa makubwa, posti zikamiminika, "hongera bro" mpaka basi. Wiki ya sita, foleni ya Mwenge, akagongana na daladala. Ajali ndogo tu. Taa moja ya mbele na bampa.

Gari likakaa chini ya turubai miezi miwili.

Sababu inajulikana na kila fundi wa Gerezani. Spea nyingi za bei nafuu zinatoka kwenye magari yaliyokatwa. Ili taa ya mtumba ipatikane, lazima magari mengi ya aina hiyo yawe yameshazeeka, yameshagongwa, yameshavunjwavunjwa na kuletwa vipande vipande. Shepu mpya bado haijafa vya kutosha. Taa yake inaagizwa, na inaagizwa kwa bei ya kuagizwa.

Inasemekana fundi alimwambia kwa upole: "Bosi wangu, hii ingekuwa IST, saa hizi ungekuwa umeshafika nyumbani."

Na fundi hakuwa anatania. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox, Raum na Vitz kadhaa. Pampu ikifa Sinza, Sinza ipo. Ikifa Makambako, haikosekani. Huo ndio uzuri wa gari ambalo watu wanalicheka: limejaa kila mahali, na kwa hiyo dawa yake iko kila mahali.

"Lakini kazi yetu ni muonekano"

Utetezi wa MC una uzito kidogo, asionewe. Burudani ni biashara ya macho. Kuna kazi mtu anapewa kwa sababu ameonekana anafanana nayo. Hilo ni kweli.

Lakini kamati za harusi za Dar zina akili kuliko watu wanavyozipa sifa. Kamati inayobishana bei ya soda kwa dakika arobaini haitoi milioni mbili kwa sababu ya rimu. Wanauliza: huyu alikuwepo kwenye sendofu ya fulani? Alifika saa ngapi? Alilewa? Alimtaja marehemu baba wa bibi harusi kwa jina sahihi? MC anayechelewa kwa sababu boda ilipasuka tairi Ubungo anapoteza kazi ambayo hata Harrier ya picha haiwezi kuirudisha.

Mpiga picha wanayefanya naye kazi alinunua Probox ya mkononi iliyochoka rangi. Walimcheka. Leo anabeba taa zake, kamera zake na vijana wawili, na anafanya kazi mbili kwa Jumamosi moja. Hakuna bibi harusi aliyewahi kukataa picha nzuri kwa sababu imepigwa na mwenye Probox.

Hesabu ya kona

Boda ya MC, bajaji ya keki, teksi ya mtandaoni mvua ikinyesha: kwa nyumba ile ni kama 15,000 kwa siku. Siku 26 kwa mwezi ni 390,000. Kwa mwaka ni 4,680,000. Kwa miaka mitatu ya kusubiri ni 14,040,000.

Yaani wameshalipa IST nzima na hawana hata ufunguo.

Kweli, gari nalo linakula. Mafuta, bima, matairi, sevisi, trafiki. Hata ikisemwa nusu ya hela hiyo ingekwenda huko, bado milioni 7 zimepeperuka. Na humo hazijahesabiwa keki.

Hapo ndipo kicheko kinaisha. Keki ya ngazi tatu haijaumbwa kwa ajili ya bajaji na matuta ya Tabata. Mama wa watu anakaa nyuma ameikumbatia kama mtoto mchanga, kila tuta anafumba macho. Mwezi mmoja ngazi ya juu ilianguka. Bibi harusi alilia, hela ikarudishwa, na kamati ile ilikuwa na harusi nyingine mbili mbele ambazo zote zilikwenda kwa muokaji mwingine.

Mume ndiye aliyekuwa anasubiri. Mke ndiye aliyekuwa analipa. Na kwenye nyumba nyingi za mjini iko hivyo hivyo: anayeringa na subira siye anayepanda daladala na mtoto mgongoni.

Kusubiri kwenye akili kupo

Mwenye gari linalotembea asubiri tu, hata miaka mitano, hapungukiwi. Anayetaka kujua bajeti ya Juni itasemaje kuhusu ushuru kabla ya kuagiza, ana haki. Anayekataa gari la zamani kwa sababu breki zake na mifuko yake ya hewa havimridhishi, ana hoja nzito kuliko zote, kwa sababu hapo anahesabu roho za watu.

Lakini asiye na gari kabisa, mwenye hela mkononi, mwenye kazi inayokwama kila wiki, halafu anasubiri taa ziwe nyembamba? Huyo asiite subira. Subira ina heri. Hii ina aibu, na aibu inatozwa nauli kila asubuhi.

Mwisho wa stori, kwa sasa

Baada ya keki kuanguka, mke hakugomba. Alichukua milioni zake 6, akaongeza mkopo wa kikoba na hela aliyokopeshwa na dada yake, akanunua IST ya mkononi, namba D, rangi ya fedha, mlango mmoja umekwaruzwa. Kadi ya gari ina jina lake.

MC hakuongea siku mbili. Siku ya tatu alikuwa na harusi Mbezi, na mvua ilikuwa inanyesha. Akapanda. Tangu hapo anapanda kila Jumamosi, ila kwa sharti moja: ashushwe kona, hatua chache kabla ya geti la ukumbi.

Wiki iliyopita mke hakusimama kona. Alikuwa na keki ya ngazi nne nyuma, akapita moja kwa moja mpaka mlangoni, mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti wa kamati akaja mwenyewe kufungua mlango. Akasalimia, akachungulia ndani, akasema: "Afadhali mmefika mapema, MC. Shika huku tubebe keki."

Gari hakuliangalia hata kidogo.