Mafunzo ya ripoti vyuoni yaanze kwa karani: Machakos iwe mfano

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 17, 2025 ulimalizika Novemba 5, baada ya siku 49. Wengi wanaukumbuka kwa sababu ya watoto waliorudi Kisauni, Malindi na Voi na mabegi yao mgongoni. Mimi naukumbuka kwa sababu ya hesabu mbili. Vyama vya wafanyakazi vilisema wanachama wao wanadai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Wizara ya Elimu, ikitegemea hesabu ya Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), ikasema kilichobaki ni Sh624 milioni. Mwishowe serikali ikakubali kulipa Sh7.9 bilioni kwa awamu mbili.

Hesabu ya kwanza ni zaidi ya mara kumi na mbili ya ile ya pili, na zote mbili zinahusu mishahara ya watu wale wale. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa mkweli. Ninachosema ni kwamba iwapo kila chuo kingekuwa na ripoti moja ya mishahara ambayo mwajiri, chama na wizara wote wanaiamini, ubishi wa kiasi ungemalizwa mezani, ubaki ule wa pesa zitoke lini. Mwanafunzi alikaa nyumbani wiki saba, na sehemu ya wiki hizo ilikwenda kwa watu wazima kubishana juu ya jumla.

Ndiyo sababu nafuatilia jambo lisilo na kelele magazetini, nalo ni mafunzo ya wafanyakazi wa vyuo vikuu kuhusu programu za ripoti za biashara. Programu hizi, Power BI na Tableau zikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi, zilitengenezewa makampuni. Zinavuta data kutoka mifumo tofauti, zinaijumlisha na kuionyesha kwa michoro ambayo mkubwa anaielewa kwa kutupa jicho tu. Siku hizi zimebisha hodi vyuoni. Kampuni za mafunzo zinatangaza kozi za siku tano, Nairobi, Naivasha na hapa kwetu Mombasa, na ofisi za umma ndizo wateja wao wakubwa.

Nachukua Machakos kama mfano kwa sababu tatu. Kwanza, Chuo Kikuu cha Machakos si jitu kama Nairobi au Moi. Kwa ukubwa wake, jambo likifanywa vizuri linaonekana. Pili, kimepanda ngazi haraka. Kilikuwa taasisi ya ufundi, kikawa chuo kishiriki cha Kenyatta mwaka 2011, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Kila ngazi huja na utaratibu wake wa kuandikisha wanafunzi na kuhesabu karo, na mahali pengi ya zamani haifi ipya inapozaliwa. Tatu, ni jamaa yetu. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi nacho kililelewa na Kenyatta, na Taita Taveta kilipata hati yake Oktoba hiyo hiyo ya 2016. Atakachojifunza Machakos kitatufaa huku. (Na mji wenyewe una historia na madaftari: misafara iliyotoka Mombasa ilipita pale, na Waingereza walikuwa na kituo chao pale kabla Nairobi haijawa mji.)

Nimefanya kazi miaka mingi katika hesabu za kampuni ya kuondoa mizigo bandarini, na nimekaa kwenye kozi hizi, mara nyingine kama mwanafunzi, mara nyingine nikimsaidia mkufunzi. Nawaeleza zilivyo. Siku ya kwanza ni kuweka programu kwenye kompyuta na kutambuana. Siku ya pili mkufunzi anafungua data ya mazoezi, na data hiyo huwa ni ya duka la baiskeli la Marekani lisilokuwepo duniani, iliyotungwa na Microsoft. Watu wazima waliotoka ofisi ya msajili wanashinda wakichora mauzo ya helmeti. Michoro inapendeza kweli. Ijumaa kuna cheti na picha ya pamoja mbele ya bwawa la kuogelea, na Jumatatu mtu anarudi ofisini kukuta orodha tatu za wanafunzi zisizolingana. Hakuna helmeti hata moja ndani yake.

Tena angalia nani anatumwa. Mara nyingi ni mkuu wa idara, naibu wake, na mtu wa teknolojia. Hoteli ya Nyali ina posho, na posho ina wenyewe. Karani anayeingiza alama za mtihani, au yule anayepokea lalama za karo kwenye dirisha, habahatiki. Naye ndiye anayeshika data kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikosea tarakimu moja, Power BI italichora kosa hilo kwa rangi nzuri na kulipeleka hadi kwenye meza ya naibu chansela.

Msomaji anaweza kuuliza, hatari iko wapi? Ichukue tu habari ya alama zinazopotea. Mzazi yeyote mwenye mtoto chuo cha umma anaijua. Mpwa wangu, katika chuo ambacho sitakitaja, alifanya mtihani wa somo moja mwaka wa pili, akasaini karatasi ya mahudhurio, akafaulu mengine yote. Mwaka wa nne akaambiwa somo lile halina alama. Mhadhiri alikuwa ameshahamia chuo kingine. Idara ikasema ilipeleka, ofisi ya mitihani ikasema haikupokea. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mahafali, naye akarudia mtihani mwaka uliofuata huku wenzake wakitafuta kazi. Hapakuwa na jambo hapo linalohitaji akili bandia. Ripoti moja ya kila mwisho wa muhula ingetosha: nani alisajili somo, nani alikaa mtihani, nani hana alama. Orodha hiyo hutoka kwa dakika chache, mradi mtu amefundishwa kuiuliza na amepewa ruhusa ya kuipeleka kwa mkuu wa idara bila kuonekana mchochezi.

Sasa njoo kwenye pesa. Mfumo wa kufadhili vyuo uliotangazwa Mei 2023 ulibadilisha mambo: badala ya serikali kumwaga mgao wa jumla, pesa humfuata mwanafunzi, sehemu ikiwa ufadhili, sehemu mkopo wa HELB, na sehemu mzigo wa nyumbani. Mwaka 2024 tulisikia vilio vya familia maskini zilizowekwa katika kundi la wenye uwezo, na Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikautangaza mfumo kuwa kinyume cha Katiba, suala likaenda rufaa. Uupende usiupende, jambo moja limebaki: chuo kisichojua hasa kina wanafunzi wangapi hakijui kinadai pesa ngapi.

Na hilo la "wangapi" si rahisi lilivyo masikioni. Tuseme, kwa mfano tu, KUCCPS imekipangia chuo vijana 2,000. Waliofika ni 1,700. Waliosajili masomo ni 1,620. Waliokaa mtihani ni 1,550, na wengine wameahirisha lakini hawajafutwa kwenye mfumo. Ofisi ya udahili itasema 1,700, ya fedha itasema waliolipa chochote, ya mitihani itasema 1,550. Kila mmoja ana haki kwa swali lake. Mkiwapeleka wote watatu kozi bila kwanza kukubaliana nani anaitwa mwanafunzi, mtapata dashibodi tatu zinazogombana. Mafunzo ya kweli yangeanzia hapo, kwa kalamu na karatasi, kompyuta zikiwa zimezimwa, na siku nzima isingetosha.

Wazee wetu wa maduka walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la Majengo hakuhitaji mchoro kujua sukari imepungua. Alihitaji kila anayechota aandike. Vyuo vyetu vina daftari, tena mengi. Kinachokosekana ni kuyafanya yasomane. Hesabu za mwaka wa fedha unaoisha Juni 30 hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30, naye ana hadi mwisho wa Desemba kutoa ripoti. Kwa hiyo chuo kinachomngoja yeye ndiye akiambie kuwa karo haikukusanywa, au kwamba makato ya pensheni hayakupelekwa, kinapata habari wakati muhula umeshapita na aliyehusika labda ameshahama.

Najua wakubwa watasema pesa hazipo, na vyuo vinadaiwa kila upande. Ni kweli. Lakini Power BI ya kutengenezea ripoti kwenye kompyuta hupakuliwa bure. Leseni hulipiwa mnapotaka kushirikiana ripoti mtandaoni, na hapo ndipo wauzaji hawasemi mapema. Tena kazi nyingi niliyoieleza inafanyika kwa Excel iliyoko ofisini tayari. Mkufunzi akae wiki mbili ndani ya chuo, Machakos kwenyewe, badala ya watu ishirini kushuka pwani. Nasema haya nikijua majirani zangu wenye hoteli hawatanipenda.

Data ya mazoezi iwe ya chuo chenyewe, majina na nambari za vitambulisho zikiwa zimeondolewa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si pambo. Nimeona faili zima la wanafunzi, lenye nambari za simu za wazazi na salio la karo, likitumwa kwenye kundi la WhatsApp ili "kila mtu afanye zoezi". Huo ni mchezo wa hatari.

Lakini kikwazo kikubwa naona hakiko kwa karani wala kwa pesa. Ripoti nzuri humuumbua mtu. Itaonyesha idara ambayo alama zake huchelewa kila muhula, ofisi inayolipa mzabuni mmoja mara kwa mara, kozi yenye wahadhiri sita na wanafunzi kumi na moja. Yupo mkubwa atakayefurahia dashibodi hadi siku itakapomtaja. Baada ya hapo utasikia mfumo una hitilafu. Kwa hiyo kabla ya kumtuma hata mtu mmoja mafunzoni, baraza la chuo lingeamua kwa maandishi ripoti zipi zitatolewa kila mwezi, nani atazisoma, na nini kitafanyika zikionyesha ubaya.

Awamu ya pili ya malipo ya wahadhiri ilipangwa Julai 2026. Machakos, Pwani, Taita Taveta na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa vina muda wa kukaa na vyama vyao na kulinganisha orodha, jina kwa jina, kabla ya mtu yeyote kutaja mgomo tena. Watakaoifanya kazi hiyo ni makarani wa mishahara. Ningependa kujua ni wangapi kati yao waliwahi kupelekwa kozi yoyote.